Koti la Mistari Minne

Kwa jina la Mola anayewashika ndege angani, wakikunjua mbawa na kuzikunja wasianguke, hadithi hii inafunguliwa. Na sala na salamu zimfikie Mtume wake, aliyekuwa mkweli katika kununua na katika kuuza.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kitu chema hakihitaji tarumbeta: hukaa mahali pake, na wenye kukijua hukifuata hapo kilipo. Kitu kibovu, kwa kuwa hakuna anayekifuata, hulazimika kuwafuata watu mpaka milangoni mwao, kikiwa kimepakwa rangi na kufukizwa manukato. Na mwenye kuzipenda beti ataikumbuka maana hiyo hivi:

Kizuri hakina mbio, hukaa kikatulia,
Hakiombi kimbilio, watu hukikimbilia,
Kibaya kina kilio, njiani kikirandia,
Mwenye akili sikio na macho atatumia.

Watu wa hadithi hii ni wachache, na inafaa kila mmoja akalishwe mahali pake kabla ya safari kuanza. Wa kwanza ni rubani aliyeitwa Mitatu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake kazini, kwa sababu ya mistari mitatu ya dhahabu iliyokaa mabegani mwake miaka tisa bila kuongezeka. Mistari mitatu ni ya rubani msaidizi, anayeketi kiti cha kulia. Minne ni ya kapteni, anayeketi kushoto, na ambaye neno lake ndilo la mwisho. Mitatu alikuwa rubani hodari, lakini mstari huo wa nne ulimkaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni: haumuui mtu, ila haumwachi ameze mate kwa raha.

Wa pili ni mkewe, fundi cherehani mwenye jicho la kuona uzi ulioruka katika mshono akiwa upande wa pili wa barabara. Walikuwa na mabinti pacha wa miaka saba, kwa hiyo yeye humwita mumewe Baba Pacha, naye huitwa Mama Pacha. Wa tatu ni rubani mwenzake na Mitatu, mcheshi na mtanashati, aliyeitwa Tausi kwa kuwa hakuwahi kupita kioo bila kukisalimia.

Ilitukia kwamba shirika lao la nyumbani lilifunga milango. Marubani wakatawanyika kama punje zilizomwagika sakafuni, kila mmoja akitafuta ufa wake. Mitatu na Tausi walisikia kwamba ng'ambo kulikuwa na mashirika madogo, yale yanayorusha ndege za safari fupi baina ya mji na mji, ambayo yalikuwa yakiajiri marubani wa kigeni. Wakapata ruhusa ya kukaa huko siku thelathini kutafuta kazi. Sheria ya nchi ile ilikuwa nyepesi kuisoma na nzito kuibeba: mgeni hupewa kibali kwa jina la mwajiri mmoja, kwa miaka mitatu, na akitaka kumwacha mwajiri huyo sharti arudi kwao aanze upya. Basi chaguo lilikuwa moja tu. Na kwa Mitatu chaguo hilo lilibeba watu watatu wengine, kwani alikuwa ameapa kwamba familia yake haitaishi mwaka mzima ikimwona kwenye simu.

Walipanga chumba chenye vitanda viwili juu ya duka la dobi. Chini yao mashine za kupigia pasi zilihema tangu alfajiri, na mvuke wake ulipenya mbao za sakafu, hata Tausi akasema hawana haja ya kunyoosha mashati, wayatandike chini tu yatajinyoosha yenyewe.

Hawajamaliza siku tatu, simu ikalia. Aliyepiga ni ofisa wa kuajiri wa shirika ambalo ndege zake zina mkia wa njano. Alikuwa mtu mwenye sauti ya asali, na kila sentensi yake ilianza na karibu na kuishia na karibu, nao wakamwita Bwana Karibu. Akapiga tena kesho yake asubuhi, na kesho kutwa. Siku ya nne tangu simu ya kwanza akaleta gari jeupe mpaka mlangoni kwa dobi, na ndani yake mna mashada mawili ya maua.

"Maua ya nini?" Mitatu aliuliza. "Hakuna harusi hapa."

"Panda, bwana," Tausi alimnong'oneza. "Mimi nimeishi miaka thelathini na nne bila mtu kuniletea maua. Usinivunjie ndoa."

Ofisi za Mkia wa Njano zilikuwa za vioo tangu chini hadi juu. Chumba cha kuajiri kilikuwa na meza kumi na mbili, na kila meza ina mtu anayeongea na simu akisema karibu. Bwana Karibu aliwazungusha, akawaonyesha picha za ndege, akawatambulisha kwa marubani vijana watano, na wote watano, mmoja baada ya mwingine, walisema, "Hapa sisi ni familia." Walilisema kwa mkazo uleule na pumziko lilelile, kama watoto wa darasa moja waliokaririshwa shairi moja.

"Na familia zenyewe?" Mitatu aliuliza. "Mke na watoto huja baada ya muda gani?"

"Hilo tutalizungumza, karibu sana," alijibu Bwana Karibu, akafungua kabati. "Lakini kwanza jaribu hili."

Lilikuwa koti la kapteni, jeusi, limepigwa pasi likasimama kama ubao, na kwenye kila mkono mistari minne ya dhahabu. "Kwetu hatumcheleweshi mtu," akasema. "Miezi sita, unakaa kushoto. Simama hapo penye mwanga tukupige picha uwapelekee nyumbani. Jibu nitalihitaji Alhamisi, baada ya wiki mbili."

Mitatu akalivaa. Hakuna haja ya kuficha: moyo wake ulivimba kama andazi katika mafuta. Miaka tisa ya kungoja ikamwondokea mabegani, akajitazama kiooni, na siku hiyo Tausi ndiye aliyelazimika kumvuta watoke. Picha ikapelekwa nyumbani hata kabla gari halijawarudisha kwa dobi.

Shirika la pili ndege zake zilikuwa na mkia wa kijivu. Hawakupiga simu. Mitatu ndiye aliyewapigia, mara tatu, na mara ya tatu mwanamke mmoja akapokea na kusema, "Njooni Jumanne, saa tatu, mje na kalamu zenu." Walikwenda kwa mabasi mawili na mwendo wa miguu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya karakana ya ndege, chenye kabati za chuma, ua moja katika kopo, na karani mtu mzima aliyeiteremsha miwani yake hadi nchani mwa pua ili awatazame juu yake.

"Mnataka marubani wangapi, mama?" Tausi aliuliza, akinyoosha tai.

"Wawili. Mmoja wetu anastaafu, mwingine anakwenda kumlea mamake." Akawasukumia fomu. Zilikuwa kurasa tisa kila mmoja.

"Na ukapteni?"

"Foleni. Kwa sasa ni miaka minne, Mungu akipenda. Anayetangulia kuingia ndiye anayetangulia kupanda. Hakuna mlango wa uani."

"Miaka minne," Tausi alisema. "Mama, nitakuwa nimeota mvi."

"Mvi hazishushi ndege chini, mwanangu. Andika jina."

Ukurasa wa saba uliuliza watoto ni wangapi, wapo darasa la ngapi, na wanaongea lugha gani. Mitatu alijaza bila kuwaza, kwa sababu mawazo yake yalikuwa yamebaki kwenye kioo cha Mkia wa Njano. Walipotoka alimkuta rubani mzee akila peke yake katika chumba cha mapumziko, kichwa cheupe kama pamba, mistari yake minne imefifia hata ikakaribia rangi ya mchanga.

"Shikamoo, kapteni. Shirika hili likoje?"

"Marahaba. Viti hivi vinaumiza mgongo," mzee alijibu, akakipiga kofi alichokalia. "Nimevilalamikia kwa barua, na mwaka huu ni wa kumi na sita. Wanasema wanalifanyia kazi."

Mitatu na Tausi walitazamana. Njiani Tausi alicheka mpaka akashika mti. "Kule tunapewa maua, huku hata kiti hawana. Mwenzangu, hapa pana la kufikiri?"

Fomu zao zilijibiwa kwa mstari mmoja: waje kufanya mtihani siku ya ishirini na nane, majibu siku ya ishirini na tisa, na hakuna ahadi. Ndipo ugumu ulipojitokeza. Alhamisi ya Bwana Karibu iliangukia siku ya ishirini na moja. Kumngoja Kijivu ilikuwa ni kumwacha Njano, na atakayemwacha Njano kisha akashindwa kwa Kijivu, alikuwa na siku moja tu ya kufunga sanduku na kurudi nyumbani mikono mitupu, mbele ya mabinti wawili waliokwisha kuwaaga walimu wao.

Jioni ya Jumatano simu ya Mama Pacha iliingia.

"Baba Pacha, nimekuwa na kazi za watu ndiyo maana sikupiga mapema. Picha nimeiona. Umependeza, nisikufiche. Sasa niambie, hilo koti la nani?"

"Langu. Yaani, litakuwa langu kesho."

"Kabla yako lilikuwa la nani?"

"Ni jipya, mke wangu. Lilikuwa likinukia pasi."

"Kunukia pasi na kuwa jipya ni mambo mawili. Mimi nimeivuta hiyo picha mpaka kifua chako kikajaa kioo chote. Juu ya mfuko pana matundu ya sindano, safu tatu. Jina la kwanza refu, la pili fupi, la tatu limevuka hadi karibu na kwapa. Watu watatu wamedariziwa hapo, na watu watatu wamefumuliwa."

Mitatu alikaa kitandani. "Labda walipandishwa cheo."

"Hilo ni koti la kapteni. Mtu akipanda kutoka hapo anakwenda wapi? Mbinguni?"

"Mdomo wako, Mama Pacha."

"Mdomo wangu unafuata jicho langu. Tazama kola: haijachujuka hata kidogo. Koti hilo halijatimiza miaka miwili, na limekwisha kuvaliwa na watu watatu. Mimi hata shuka ya nyumba ya wageni siiamini hivyo."

"Lakini ni miezi sita tu nakuwa kapteni. Kwa Kijivu ni foleni ya miaka minne."

"Na foleni ya Njano iko wapi?"

"Haipo."

"Kinyozi asiye na foleni mwisho wa wiki, wewe ungempa kichwa chako?" Kisha sauti yake ikalainika. "Baba Pacha, mimi sijui ndege. Najua nguo. Utakaloamua nitalifuata, hata tukila mkate mkavu. Ila usiolewe na koti."

Baada ya simu hiyo Mitatu aliketi akisikiliza mashine za dobi zikihema chini ya nyayo zake. Na jambo ambalo kila rubani analijua, naye alilijua kwa miaka tisa bila kulifikiri, likamjia wazi. Kiti cha kushoto ni kimoja katika kila ndege. Hakikaliwi na wawili, wala hakiongezwi kama benchi. Anayeahidiwa kiti hicho kwa miezi sita anaambiwa, kwa maneno matamu, kwamba aliyekikalia atakuwa amekimbia ndani ya miezi sita. Na foleni inayosimama miaka minne husimama kwa sababu moja tu: waliofika mbele hawataki kutoka. Kile alichokidhani kasoro ndicho kilichokuwa sifa. Hata yule mzee wa viti Mitatu akamwelewa sasa, kwani mtu aliye na nia ya kuhama halalamikii kiti miaka kumi na sita.

Akatawadha, akasali rakaa mbili, akamwomba Mola amwonyeshe njia iliyo nyoofu.

Alhamisi asubuhi alikwenda na Tausi kwenye ofisi za vioo. Mkataba ulikuwa mezani, na kalamu imewekwa juu yake kama kijiko juu ya sahani.

"Bwana Karibu," alisema Mitatu, "kabla sijaweka sahihi, naomba jambo moja dogo. Niitie kapteni yeyote aliyekaa hapa zaidi ya miaka mitatu, niseme naye dakika tano."

"Karibu sana, hilo si tatizo," alijibu, akatoka. Akakawia. Akarudi, akamwuliza mwenzake wa meza ya pili. Yule akamwuliza wa tatu. Swali likazunguka meza zote kumi na mbili. Hatimaye Bwana Karibu akatabasamu kama mtu aliyepata dawa. "Unaweza kuongea na mimi. Mimi mwenyewe nina mwaka mmoja na miezi saba hapa. Kusema kweli, ndimi mkongwe."

Mitatu akaisogeza kalamu kando kwa adabu, akashukuru kwa maua, akasimama.

Nje, Tausi alimshika mkono. "Unaacha mistari minne kwa ajili ya matundu ya sindano?"

"Naiacha kwa ajili ya waliotoka kwenye matundu hayo. Ngoja nami, Tausi. Ni siku saba tu."

"Wewe umezoea kungoja, una jina la kungoja. Mimi nina jina la kung'aa." Akamkumbatia, akarudi ndani, akatia sahihi. Jioni ile gari jeupe likaja kuchukua masanduku yake.

Siku saba zile Mitatu hakuzisahau. Kila alfajiri aliamshwa na mvuke akihesabu kwa vidole siku zilizosalia, na mara mbili alishika simu ampigie Bwana Karibu. Hakuhitaji hata kupiga, kwa kuwa Bwana Karibu ndiye aliyeendelea kupiga, na ahadi zikashuka kutoka miezi sita hadi mitano, kisha minne. Kadiri zilivyozidi kuwa tamu, ndivyo Mitatu alivyozidi kuona sindano ikifumua jina lake.

Siku ya ishirini na nane aliingia katika chombo cha mazoezi, chumba kinachotikisika kama ndege ya kweli ilhali hakiondoki sakafuni. Msimamizi wa mtihani alikuwa yule mzee wa viti. Akamzimia injini moja, akamletea ukungu, akamfungia uwanja aliokusudia kutua. Jasho lilimtiririka Mitatu hadi kwenye soksi, lakini mikono yake ilitulia, na mara mbili alipokuwa hana hakika alisema waziwazi, "Sina hakika, sitatua, nazunguka tena."

Mzee aliwasha taa. "Umezunguka mara mbili," alisema.

"Ndiyo, kapteni. Sikuridhika."

"Wengi huona haya kuzunguka mbele ya mtu anayewapima."

Kesho yake karani alimpa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mkataba. Ya pili ilikuwa orodha ya majina arobaini na moja, na lake lilikuwa la mwisho, limeandikwa kwa mkono. "Hiyo ndiyo foleni," alisema. "Na kuhusu mabinti, ipo shule yenye nafasi darasa la pili, nimekwisha kuwaandikia. Mkeo ataka kufanya kazi?"

"Ni fundi cherehani, mama."

Karani akaivua miwani yote kwa mara ya kwanza. "Mwambie afanye haraka. Fundi wetu wa sare ni mgonjwa wa macho."

Mwezi wa tatu tangu aanze kazi, Mama Pacha na mabinti wakafika. Tausi naye, haki yake isemwe, alipata mistari yake minne mwezi wa tano, na akapiga simu akisema, "Kapteni anaongea hapa." Mwezi wa nane simu zikawa fupi. "Kila wiki napewa msaidizi mpya," alisema. "Nikikariri jina lake, ameshaondoka. Likizo yangu imeahirishwa mara ya nne. Jana wamenihamishia mji ambao hata wao hawajui kuutamka." Mwaka na nusu ulipotimia akauvunja mkataba, akarudi kwao kama sheria ilivyotaka, akakaa miezi akifundisha vijana urubani, kisha akafunga safari tena kwa nauli yake mwenyewe.

Alasiri moja akaonekana mlangoni kwa Mitatu, amekonda kidogo, ila tai yake imenyooka. Sebule ilikuwa na cherehani dirishani na sare za kijivu zilizorundikwa kitini, na mabinti walikuwa wakibishana juu ya hesabu za shule. Mama Pacha akamkaribisha chai.

"Haya, shemeji, habari za makapteni?"

"Shemeji, usinichome kwa sindano zako. Nimetoka kwa yule mama wa miwani. Nimejaza kurasa tisa, nimefanya mtihani, nimefaulu. Nimerudi kwenye mistari mitatu, na kwa kuwa wameongeza ndege, niko wa hamsini na nane kwenye foleni."

Mitatu akacheka mpaka chai ikamwagika. "Wa hamsini na nane. Na unatabasamu."

"Natabasamu. Yule mama amesema tangu mwaka jana ameondoka mmoja tu, naye ni kwa kufariki, Mungu amrehemu."

Mama Pacha akakata uzi kwa meno. "Hebu niambie kitu kimoja. Kule kwa Njano walikupigia kila siku, wakakuletea gari, wakakuletea maua. Huku nani alikupigia?"

Tausi akaitazama chai yake. "Hakuna."

"Nani alikuja kukuchukua?"

"Hakuna, shemeji. Nimejileta mwenyewe, kwa mabasi mawili na mguu. Na mvua ilikuwa inanyesha."

Mola awajaalie heri wote waliobaki katika foleni ile, na wote wanaosimama mbele ya milango miwili wasijue waingie upi. Awape jicho la fundi na subira ya msafiri, awakutanishe na watu wao, na awakinge na kila mwenye kuwafuata kwa maua. Kwani kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.